Raba Namba Tisa Kutoka Juu

Nilimwagiza maiti raba. Namba tisa, nyeupe, na nikamsihi babake amhimize asichelewe kuzituma. Huo ndio ujinga nilioanza nao, na nauungama mapema kwa sababu kaka yangu ameshaanza kuueneza, na yeye hajui kusimulia.

Tulikuwa Kitisuru, Jumamosi asubuhi, uani kwa mzee tusiyemjua. Tulikuwa tumefuata gari. Kaka aliona tangazo lake kwenye ubao wa duka moja Westlands: gari la mbio, milango miwili, jekundu, taa za mbele zinainuka kama macho ya chura. Limetembea sana, lilisema tangazo, na bei ilikuwa ya chini hivi kwamba hata ng'ombe wa gredi akiuzwa kwa hiyo angeona ametukanwa. Kaka ni karani mjini, River Road, anaandika risiti za mabomba na misumari kutoka asubuhi hadi jioni. Tangu aone tangazo hilo alikuwa akitembea nyumbani akibadilisha gia kwa mdomo.

Mama hakutaka hata kulisikia. Yeye hushona sare za shule hapo Dagoretti Corner, na siku kaka alipomweleza alikuwa na pini tano mdomoni. Alizitoa moja moja.

"Gari la bei hiyo lina neno," akasema. "Kizuri hakikosi ila."

"Mathe, ila yake ni kilomita tu. Injini ni kali."

Mama hakubishana. Alinivuta kando ya cherehani. "Baba, nenda naye. Adabu huna, lakini macho unayo. Ukiona kitu, uniambie mimi kwanza."

Ananiita baba kwa sababu nimepewa jina la babake, marehemu. Ndivyo kwetu. Hata akinichapa huwa anamchapa babake.

Usiku huohuo kaka naye akaninunua. Nikimwambia mama kwamba gari ni sawa, siku ya kufungua shule atanipeleka nalo hadi getini, mbele ya kidato cha tatu chote. Kwa hiyo Jumamosi hiyo nilikwenda Kitisuru nikiwa shushushu wa pande mbili, na kila upande ukiamini mimi ni wake.

Mzee alitupokea kwa sweta la kijani na kofia ya sufu. Gari lilikuwa limefunikwa turubai. Hakukubali tumsaidie kulitoa turubai hilo. Alilikunja pembe kwa pembe, polepole, kama shuka ya kitanda cha mgeni, na chini yake gari lilikuwa safi hadi kwenye nafasi za magurudumu, mahali ambapo hata muuza magari hapangusi.

"Ni lako, mzee?" kaka akauliza.

"La kijana wangu. Mwenyewe ameenda juu."

Nairobi yote inajua maana ya majuu. Ni ng'ambo. Mtu akienda majuu anaaga kwa pilau, anasindikizwa uwanja wa ndege na mabasi mawili, na baada ya mwaka picha zinakuja akiwa amesimama kwenye theluji kando ya gari la jirani. Mimi nilisikia juu, nikaongeza ma yangu mwenyewe.

"Ah, majuu! Basi mzee, mwambie anitumie raba. Nyeupe, namba tisa. Asichelewe, shule zinafunguliwa."

Kaka alinikanyaga. "Nyamaza wewe, utatuharibia bei."

Mzee akanigeukia. "Nitamwambia nikifika," akasema.

"Kumbe na wewe unaenda! Visa umepata?"

"Bado. Iko njiani."

Tukacheka, mimi na kaka. Hata yeye alicheka kidogo, nadhani.

Kisha kaka akaingia upande wa usukani, na hapo ndipo nilianza kuona kitu, ingawa sikujua ni nini. Kaka ni mrefu kupita kiasi. Kila gari analoingia husukuma kiti, huvuta kiti, huinua kioo, hulalamika. Safari hii alikaa tu. Miguu ilifika, mikono ilifika, na kile kioo cha kati kilikuwa tayari kinamtazama machoni.

"Manze," akasema, "hii gari ilikuwa inaningoja."

Mimi niliingizwa kiti cha nyuma, ambacho kimetengenezewa mkoba, si mtu. Mzee akakaa mbele, kushoto. Tukashuka hadi barabara ya Waiyaki, tukapita Loresho, na gari likanguruma kwa sauti nzito ambayo niliisikia kwenye meno. Kaka alikuwa anatabasamu kama bwana harusi. Kisha akaangalia kilomita.

"Mzee, hapa kuna laki mbili na themanini."

"Lilitoka Japani na nyingine," mzee akasema. "Zilizobaki ni zake. Kazi yake ni Nakuru. Huja Ijumaa jioni, hurudi Jumapili. Miaka sita."

Mguu wa mzee ulikuwa unakanyaga breki ambayo haikuwepo. Tulipogeuza kurudi alianza kumwongoza kaka, bila kumwangalia, uso umeelekea dirishani.

"Hapa hupunguza. Kuna shimo."

Kaka akapunguza. Shimo lilikuwepo.

"Hapa hushusha kioo."

Kaka akashusha kioo. Mwalimu wetu wa Kiswahili amenichapa mara nyingi juu ya hiyo hu. Anasema ni hali ya mazoea, haina jana wala kesho, kama jua huchomoza. Nikiwa nimejikunja pale nyuma niliihesabu kinywani mwa mzee. Huja, hurudi, hupunguza, hushusha. Kwenye kioo niliyaona macho ya kaka, na kwa sababu nisiyoijua niliangalia chini.

"Getini hupiga honi mara mbili," mzee akasema.

Nadhani alikuwa anajisemea. Kaka, ambaye alikuwa ametii kila kitu, akapiga. Mara mbili. Mkono wa mzee uliruka kumzuia ukakuta honi imeshalia.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Mama mmoja alitoka mbio, leso kiunoni, mikono imejaa unga, anacheka.

"Jana tumekungoja hadi chai ikapoa!"

Kaka akazima gari. Akafungua mlango, akatoka, na akasimama pale na urefu wake wote. Yule mama alifika karibu kabla ya kumwona vizuri. Kicheko kilibaki usoni mwake, hakikujua pa kwenda.

"Mama, ni wale wa gari," mzee akasema.

"Najua," akasema. "Najua, ni wale wa gari." Akatunyooshea kifundo cha mkono tumsalimie, kwa sababu ya unga. Kisha akamwambia kaka, kama anayeomba radhi kwa mbwa aliyebweka, "Kichwa changu kinajua tulimzika. Ni haya masikio hayajaambiwa."

Niliona lile neno juu likigeuka mbele yangu, na nyuma yake raba zangu, na visa.

"Gari halikugonga," mzee akamwambia kaka. "Nisikudanganye. Aliugua, wiki mbili. Bei nimeiteremsha ili litoke hapa. Hata jirani akiwasha lake, huyu hutoka."

"Mzee," nikasema, "yale maneno ya viatu..."

Alikwenda nyuma, akafungua buti kumwonyesha kaka gurudumu la akiba, akainua zulia. Kando ya jeki kulikuwa na raba mbili, nyeupe, zimefungwa pamoja kwa kamba zake. Mzee aligeuza soli na kuisogeza mbali na macho ili aisome.

"Ulisema tisa?"

Kaka aliangalia angani.

"Mpe," yule mama akasema. "Zimekaa vya kutosha."

Mimi ambaye tangu darasa la kwanza sijawahi kukosa jibu, nilizipokea kwa mikono miwili nikasema asante kwa sauti ya mtoto wa kwaya.

Kaka alimrudishia mzee ufunguo. "Nitapiga simu," akasema. Tukateremka barabara ile yenye ua wa michongoma pande zote. Alitembea akipiga teke kokoto.

"Nikilinunua nitakuwa nimewasaidia," akasema mwishowe. "Si wanataka litoke?"

"Litatoka likinguruma hivyo hivyo. Atalisikia likienda."

"Wewe ndiye wa kunifundisha adabu leo? Wewe?"

Raba nilikuwa nimezitundika shingoni, zinagongana kifuani mwangu kila nikipiga hatua. Tayari nina jina la marehemu mmoja, nikawaza, na sasa nina viatu vya mwingine, na miguu yangu ni tisa kamili. Tulipokaribia barabara kuu kaka alisimama.

"Kile kioo," akasema. "Unajua sikukigusa? Hata kidogo."

Nyumbani mama alikuwa kwenye cherehani, kola ya sare mkononi. Kaka alisema, "Limetembea sana," akakaa kwenye stuli, akaangalia viatu vyake. Mama akaniangalia mimi. Nilikuwa nimepanga uongo mzuri wa kunifikisha hadi geti la shule, wenye injini na matairi. Niliufungua mdomo ukatoka ukweli wote, pamoja na raba. Niliziweka mezani, kando ya mkasi.

Mguu wa mama uliacha kukanyaga cherehani.

"Honi alipiga mara ngapi?"

"Mbili."

Alikata uzi kwa meno. Kaka akainua kichwa. "Basi niambie, mathe. Ninunue ama nisinunue?"

Mama akasema, "Ijumaa tutaenda kumwona huyo mama, sisi watatu. Tutashuka kule barabara kuu tutembee hadi getini, asisikie gari lolote. Na wewe, baba, hizo raba uvae, na huo mdomo wako uuache hapa."