Marehemu wa Karolina Kusini

Jumamosi, kwenye duka la kusafishia picha huko Maplewood, nilipanga foleni nyuma ya mume na mke, Watanzania wenzangu, waliofuata picha za likizo yao ya Karolina Kusini. Mume alizitandaza kaunta nzima, kidole kikitembea juu ya uwanja wa vita vya kale, majani matupu.

"Hapa ndipo jeshi lilipozingirwa. Hapa ndipo lilipokimbilia."

Mke akapiga mwayo. "Majani hayo hata nyuma ya nyumba yetu yapo."

Ikafuata picha ya maonyesho ya vita. Waigizaji waliovaa kiaskari walikuwa wamelala chini kama maiti, na mmoja wao alikuwa amefunikwa kanga nyekundu, gubigubi.

"Ona ulivyoniaibisha mbele ya Wazungu!" mume akafoka. "Si nilikwambia wanaigiza?"

"Nilijua wanaigiza. Na lile jua nalo lilikuwa linaigiza?" Mke akabetua midomo. "Tena marehemu mwenyewe aliniambia asante."

Mume akafyonya, akakusanya majani yake, kisha akamwomba mhudumu aikuze ile ya kanga, iwe ya kutundika sebuleni.

Nani alishinda vita vya Karolina Kusini, mpaka leo sijui. Vya Maplewood nilivishuhudia kwa macho yangu.