Saba Niliyoitoa kwenye Tope

Mmenisumbua na hilo jarida lenu la wafugaji mpaka nimechoka. Nilishasema sina la kusimulia, na mkono wangu huu ni wa darasa la pili, kila neno nalisukuma kama toroli. Haya, someni basi, na herufi zikipungua jazeni wenyewe.

Kazi yangu miaka thelathini na moja ilikuwa kuwapa ng'ombe wa maziwa alama. Unaingia bandani, mwenye mali anamsimamisha ng'ombe wake, unamzunguka. Mgongo, kiuno, kiwele kimeshika au kinaning'inia, chuchu, miguu ya nyuma, kwato. Kila kiungo na alama yake, moja mpaka tisa. Vitabu sikuvisoma, ng'ombe nilimsoma. Wakaniita Bibi Sita, maana zaidi ya sita sikuwa natoa.

"Bibi Sita, hata huyu?"

"Hata huyo. Ukitaka wa tisa, kamchore ukutani."

Macho yakaanza kuingia ukungu. Sikumwambia mtu. Wanipe kiti nikae kama mzigo? Kiwele nikakipima kwa kiganja, kiuno kwa vidole, na hakuna aliyegundua.

Ikaja siku ya yule ng'ombe mweusi. Mvua ilikuwa imenyesha, kasimama kwenye tope lililofunika kwato zote. Na kwato haipewi alama mpaka ioshwe, ng'ombe asimame kwenye sakafu. Mwenyewe akasema, "Bibi, nilete maji?" Nikajua zikioshwa itabidi niiname, na nikiinama atajua sioni.

"Unanifundisha kazi wewe? Andika saba."

Saba ya Bibi Sita! Ilizunguka kama habari ya harusi. Mtoto dume wa yule mweusi akachukuliwa kutoa mbegu, wakamwita Saba, eti kwa heshima yangu. Binti yangu akawa wa kwanza kupandishia ng'ombe wake. "Mama katoa saba," akawaambia majirani, "mnataka nini tena?"

Akapata mitamba wanne, wazuri kuwatazama. Walipozaa tu, kwato zikalala kama kandambili. Wakachechemea, wakashindwa kufika kwenye hori, maziwa yakakauka. Watatu wamechinjwa. Wa nne yuko hapo nje, namsikia akiburuta mguu ninapoandika.

Binti aliniuliza mara moja tu.

"Mama, kwato za yule mweusi, bibi yao, uliziona?"

"Niliziona."

Siku hizi ananisalimia, ananiletea chai, haniulizi kitu. Afadhali angenitukana.

Nikaenda ofisini zinakoandikwa alama, nikamwambia karani ukweli wote, afute ile saba. Akacheka. "Bibi, alama haifutwi kwa mdomo. Mpaka mabinti wa Saba wapimwe, wasiopungua ishirini, kwenye mabanda tofauti."

"Na mbegu zake?"

"Zinatoka kila siku, Bibi. Watu wanazipenda."

Nilirudi kwa miguu, na tangu hapo sijapata usingizi wa maana.

Sasa nyie mliotaka kusimuliwa. Kama bandani kwako kuna binti wa Saba, chukua ndoo ya maji. Osha kwato, msimamishe kwenye sakafu, uiname. Andika unachokiona, upeleke ofisini wiki hii hii. Usinihurumie. Kama ni mbili, andika mbili.