Dawa ya Kutu ya Felista

Kwa miaka ishirini, kila gari lililorudi kutoka mbuga ya kreta na tope la chumvi ya magadi tumboni lilipelekwa kwa Modest Qamara, fundi wa Karatu mjini. Modest aliliosha, akaipaka chesisi oili chafu, basi. Kutu ilimheshimu, naye akajiheshimu kupita kiasi.

Kisha Felista akafungua kibanda jirani. Yeye alichemsha magome ya olkiloriti, mti ule ambao Wamaasai huutia kwenye supu, akaipaka chesisi maji yake. Kutu iligeuka ngozi nyeusi, ikagoma kuendelea. Tena hapakuwa na mafuta ya kuchuruzika ardhini, jambo lililowafurahisha wenye kambi za watalii. Modest alipoonyeshwa mara ya kwanza alicheka mpaka akashika kiuno.

"Dada, kwani gari linaumwa tumbo?"

Mdharau mwiba mguu huota tende. Msimu haujaisha, magari saba yalikuwa kwa Felista, kwa Modest mawili. Tuseme wazi: alimwonea wivu. Akisikia madereva wanamwita "daktari", aliiweka chai chini bila kuimaliza. Mteja wa kujivunia alibaki mmoja, Lomayani, dereva wa watalii na rafiki wa miaka kumi na miwili. Naye akaanza kuuliza.

"Modest, wewe huna ile dawa ya miti? Bosi hataki tena oili."

"Ninayo," Modest akajibu, na hakuwa nayo.

Kuuliza si ujinga, lakini kumuuliza Felista? Afadhali ameze spana! Akaenda sokoni kwa Nanyokie, mama muuza magome, na kwa kuogopa habari zisifike kibanda cha jirani, akadanganya kwamba anaumwa mgongo.

"Pole, baba. Chemsha na mfupa," Nanyokie akamwelekeza, "halafu tia chumvi ya kutosha, ndiyo itashuka vizuri."

Mfupa aliuacha; hakuwa mjinga kiasi hicho. Chumvi aliitia. Akaonja, akaongeza, kisha akaipaka chesisi ya gari la Lomayani.

Baada ya wiki tano Lomayani alirudi, wakalala wote wawili chini ya gari. Kutu ilikuwa imekula mpaka boliti.

"Hata oili chafu ilikuwa afadhali, rafiki yangu," Lomayani akasema taratibu. Akawasha gari, akaenda hatua thelathini tu, akakata kona kwa Felista.

Felista aliinama, akapitisha kidole kwenye chuma, akakigusisha ulimini. Kisha akaja mpaka mlangoni kwa Modest, akifuta mikono.

"Kaka Modest, ulitia chumvi?"

Modest akaitikia kwa kichwa.

"Hata mimi dawa ya kwanza niliitia chumvi, nikaharibu geti la mama yangu. Nilitaka kukuambia siku ile, ukacheka." Akasogea kando, akamwonyesha kibanda chake. "Kesho nachemsha nyingine. Njoo uone."

Modest alimkazia macho usoni, akiomba hata katabasamu kadogo ka kejeli, apate sababu ya kuendelea kumchukia. Hakukaona.