Ng'ombe wa Unga Mlangoni kwa Mama Duka

Wiki iliyopita mafuta ya taa yaliadimika hapa Nyarugusu, rafiki yangu, na mimi siwezi kuwanyima wachimbaji chakula cha jioni kwa sababu ya giza tu. Nikasokota pamba, nikailaza kwenye kisosi chenye samli, nikawasha. Mmoja akaniambia, "Dada, leo mgahawa umegeuka hekalu?" Wakacheka, nami nikacheka nao. Lakini ile harufu ya samli inayoungua ilikuwa imeshanibeba hadi Ushirombo, kwenye kibaraza cha Mama Duka, miaka ile ya foleni na rafu tupu, nikiwa bado mtoto wa shule ya msingi.

Mama Duka alikuwa Mhindi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Alizaliwa palepale, na Kisukuma chake kilikishinda changu. Akimwona bibi yangu anapita, alipaza sauti kutoka nyuma ya kaunta, "Mwadila, mayu!" yaani habari za mchana, mama, na hapo bibi alisahau alikokuwa anakwenda. Kwao hawakula nyama, hata yai, jambo ambalo bibi alilisikitikia kama ugonjwa. Lakini Diwali, sikukuu yao ya taa, ilipofika, na vumbi limeanza kunukia mvua za kwanza, mtaa mzima tulikula kwao: bajia, chevda, ule mchanganyiko wa vikaango unaowasha ulimi, na ladu, vile vidonge vitamu, za sukari guru, maana sukari nyeupe ilikuwa ya kuota tu. Katekista alikuja na mkewe. Fundi cherehani, Mwislamu, alileta pamba ya kusokotea tambi. Bibi alileta kibuyu cha samli ya taa. Hakuna aliyempangia, alijipangia mwenyewe.

Mwaka ninaoukumbuka zaidi, Baba Duka alikuwa ameshachoka. Dukani zilibaki chumvi, viberiti na chaki za shule. Kaka yake aliyekuwa Mwanza alikuwa akimwita kila mara, njooni huku, huko porini mnangoja nini? Mama Duka hakutaka kusikia. Siku moja, huku nikimsaidia kupepeta dengu, aliniambia kwamba jioni ya Diwali Lakshmi, mama wa neema, hupita mitaani akitafuta nyumba ya kuingia, na huingia pale palipopambwa na kuwashwa taa.

"Mwaka huu lazima aingie kwetu," alisema. "Baba yako Duka amesema, tukiona dalili njema tunabaki. Tusipoona, tunafunga mizigo."

Nilikwenda kulia chooni. Nilikuwa mtoto wa kuota ndoto, na nusu ya ndoto zangu nilizipata kwenye kaunta ile, nikisimuliwa habari za treni na meli. Ushirombo bila Mama Duka sikuweza hata kuifikiria.

Miaka yote mapambo yake alikuwa akiyachora ndani, uani, mahali ambapo bibi hakuwahi kufika. Mwaka ule, ili mgeni wake asipotee, aliyachora nje kabisa, mbele ya mlango unaotazama barabara. Alitumia rangi zote za unga alizokuwa amebakiza: nyekundu, manjano, na nyeupe kidogo pembeni. Ua kubwa, zuri kama kitenge. Alipomaliza akaingia ndani kuoga.

Bibi akaja na kibuyu chake cha samli. Mimi nilikuwa namfuata nyuma. Akaona unga mwekundu umemwagwa mlangoni kwa mwenzake, akasimama kama aliyekanyaga moto.

"Nani huyu kamwekea jirani yangu dawa?"

"Bibi, hiyo si..."

"Nyamaza! Rudi nyuma, usikanyage!"

Rafiki yangu, bibi alikamata ufagio uliokuwa umeegemezwa ukutani akafagia ua lile kwa nguvu zake zote, huku akimtukana mchawi kwa Kisukuma, ukoo mzima. Kisha akamwaga ndoo ya maji. Mama Duka alipotoka na sari yake mpya alimkuta bibi anahema, uso umejaa fahari.

"Usiogope, mayu. Nimeshawashinda."

Mama Duka aliangalia tope jekundu. Akaanza kulia. Ni Baba Duka aliyesema, akiwa ameshika fremu ya mlango.

"Basi. Tulikuwa tunatafuta dalili, si ndiyo hii? Mgeni kafukuzwa kwa ufagio."

Nikamweleza bibi, maneno yakigongana. Aliposikia kwamba ule ulikuwa mkeka wa kumkaribishia mgeni, aliketi chini palepale kwenye maji.

"Rangi zimebaki?"

"Zimekwisha, mayu."

Bibi alifikiri. "Lakini jamani, mgeni gani anapitishwa kwenye wekundu? Sisi wazee wetu waliotangulia tunawamwagia unga mweupe ndipo wanaingia." Akanigeukia. "Kimbia, lete unga wa mtama!"

Nilirudi nao kwenye ungo. Kibaraza kilikuwa kimeshaanza kukauka kwa joto. Bibi alipiga magoti, akaanza kumwaga unga kwa vidole. Maua hakuyajua. Alichokijua yeye kuhusu neema ni kitu kimoja: ng'ombe. Akachora ng'ombe mkubwa, pembe ndefu, nundu, kiwele kimejaa, kichwa kimeelekea ndani ya nyumba.

"Huyu anaingia," alisema. "Hatoki."

Mama Duka aliziba uso kwa ncha ya sari. Nikadhani analia tena, kumbe anacheka na machozi yanatoka. Ng'ombe! Kwa watu ambao ng'ombe kwao ni mama! Bibi hakulijua hilo hata kidogo. Baba Duka alishuka, akamzunguka ng'ombe yule taratibu, akavua viatu.

"Mayu," akasema, "zizi lenye ng'ombe kama huyu, nani analihama?"

"Mwendawazimu," bibi akajibu.

"Basi nileteeni taa. Kaka atanisamehe."

Wakabaki. Walibaki miaka mingi, hadi nilipomaliza darasa la saba na kuondoka mimi. Sasa bibi amelala Ushirombo, wao wako kwa binti yao Mwanza, na dukani kwao kuna mashine ya kusaga. Ninachokikosa ni ule ujirani wa mtu kukufagilia mlango bila kuuliza kwa sababu amekuogopea, na akikosea hatumi salamu, anapiga magoti na unga wake. Sidhani umekufa. Nauona ukichipua hata hapa machimboni, kati ya watu wasiojuana makabila.

Asubuhi iliyofuata Diwali ile, kuku wetu walivuka wakaanza kumdonoa yule ng'ombe, kuanzia nundu. Nikaokota jiwe. Mama Duka akanizuia, mdomo umejaa ladu.

"Waache, mwanangu. Jana hawakualikwa."