Pengo Nililomficha Daktari wa Meno

Nianze na aibu yangu, halafu nije kwenye raha. Mimi, mwalimu mzima wa jiografia, nilimdanganya daktari wa meno mchana kweupe. Tena binti wa umri wa wanafunzi wangu wa zamani, aliyenipa shikamoo, nami nikaitikia marahaba bila haya.

Nilikuwa nakoroma. Hilo peke yake nisingelijali. Kwetu Ngaramtoni mwanaume akikoroma tunasema ameshiba. Lakini mke wangu alikuwa anasikia kingine: mkoromo unakatika ghafla, kimya, pumzi hakuna. Hapo ananivuta kidole gumba cha mguu mpaka nakurupuka. Miaka mingi alilala mzungu wa nne, kichwa chake miguuni pangu, ameshika kidole changu, anasikiliza. Mchana mimi nasinzia darasani, yeye anasinzia jikoni. Siku alipojiunguza mkono kwa chai alilia, akasema, "Baba, nimechoka. Siku nikipitiwa na usingizi, nitaamka mjane."

Maneno yale yaliniingia. Nikaenda hospitali, nikalazwa na vipimo kifuani na kidoleni, ikaonekana kweli njia yangu ya hewa inajiziba nikilala. Wakanielekeza kwa yule daktari wa meno mjini. Akaniambia atanitengenezea kifaa cha kung'ata, kinachosogeza taya la chini mbele kidogo ili koo libaki wazi. Jamani! Kitu cha kuenea kiganjani tu! Nilifurahi mpaka nikataka kumkumbatia.

Kisha akagusa meno yangu mawili ya chini, ya mbele. "Mwalimu, haya ya bandia yanatoka?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Sisi Waarusha wa rika langu wengi tuling'olewa meno hayo mawili utotoni. Koko, ndivyo tunavyomwita bibi, aliniambia lile pengo ni mlango: ukiugua taya likajifunga, maziwa yatapitia hapo. Nilijivunia pengo langu mpaka nilipoanza kufundisha mjini, watoto wakacheka. Nikatafuta meno ya kuvaa na kuvua, na tangu hapo hakuna aliyeniona bila hayo isipokuwa mke wangu. Sasa niyavue mbele ya binti huyu? Thubutu!

"Hayatoki," nikasema. "Ni ya kudumu."

Akachukua umbo la meno yangu kwa ule ute mzito wa dawa unaogandia mdomoni, na yale ya bandia yakiwemo. Kifaa kilipokuwa tayari kilikaa barabara, nikarudi nyumbani naimba. Wakati wa kulala nikavua meno yangu kama kawaida, nikayatia kikombeni, nikavaa kifaa. Kikacheza mdomoni kama kiatu cha kuazima. Asubuhi kilikuwa juu ya blanketi, na kidole changu cha mguu kinauma kwa kuvutwa.

Mke wangu akatazama kikombe, akatazama kifaa, akanitazama mimi. "Ulimwambia?"

Nikajifunika blanketi.

"Hivi wewe mzee, unaogopa pengo kuliko kaburi?"

Siku hiyo hiyo alinipeleka mwenyewe. Nikayavua meno mbele yao wote wawili, uso unawaka. Yule binti hakucheka. Aliinama akachungulia, macho yakamng'aa. "Mwalimu, mbona hapa pazuri! Kifaa kipya nitakiacha wazi mahali hapa. Hata pua ikiziba, hewa itapita."

Mlango wa koko! Nilipiga makofi palepale kwenye kiti, nimeachama mdomo, na mke wangu akacheka mpaka akafuta machozi kwa kitenge. Ningekuwa na mabawa ningeruka mpaka kilele cha Meru.

Asubuhi ya kwanza ya kile kifaa kipya niliamka mwenyewe. Kulikuwa kumepambazuka, kichwa chepesi, taya linauma kidogo tu. Nikasikia mtu anakoroma. Nikashtuka, nikashika mdomo wangu: kifaa kipo, kimekaa. Nikainua kichwa nikatazama upande wa miguuni.

Alikuwa ni yeye. Mke wangu anakoroma! Mkono bado uko kwenye kidole changu, lakini vidole vimelegea. Sikumbuki lini niliwahi kumkuta amelala. Jua likapanda, kengele ya kwanza ya kanisani ikalia, ikalia na ya pili, nami nimetulia vilevile, sithubutu kuuvuta mguu.