Futi ya Fundi Kaltumu na Vinywa vya Samaki

Kaltumu wa Mbugangari ana ugonjwa mmoja usio na dawa: kuuliza. Ukimpelekea kitenge akushonee gauni, atakupima kifua, kiuno na mikono, na kabla futi yake haijafika kwenye pindo atakuwa ameshajua harusi ni ya nani, bwana harusi anafanya kazi gani na kwa nini mama mkwe amenuna. Wapo wanaosema huo ni umbea. Mimi nakataa. Mmbea hutafuta kujua ili akaseme kwa jirani. Kaltumu akishajua hutulia, kama mtu aliyekuwa na njaa akapata ugali, kisha anaendelea kukanyaga cherehani yake.

Kwa hiyo Jolly alipomletea lile boksi, alimletea balaa bila kujua.

Jolly ni mteja wake wa siku nyingi, mwanamke aliyerudi kutoka Uganda, mwenye nyumba ya wageni karibu na Ziwa Kivu. Mgeni wake mmoja, mzungu wa makamo, alikuja na boksi la plastiki lenye vyumba vidogo vidogo, akavua siku tatu mfululizo, hakupata hata mkia, akaondoka kwa hasira na kuliacha boksi juu ya kitanda.

"Fundi, weka humo button zako," Jolly alisema, akiliweka kwenye meza ya kukatia. "Yule mzee alikuwa serious, eh! Asubuhi mpaka jioni. Samaki, zero."

Kaltumu akafungua kifuniko, na habari ya vifungo ikaishia hapo. Kulikuwa na visamaki vya mbao vyenye macho ya kioo na ndoano tatu tatu tumboni. Kulikuwa na minyoo ya mpira, ya rangi ya zambarau, inayonukia pipi. Kulikuwa na chura wa plastiki. Kulikuwa na ndoano nzito zilizovaa sketi, sketi kabisa, za nyuzi za mpira, na Kaltumu aligeuza moja akatazama ilivyofungwa kiunoni, maana hiyo ni kazi yake. Upande wa ndani wa kifuniko palikuwa na picha ya samaki mnene wa kijani, mdomo wake mpana kiasi cha kuingia ngumi ya mwanamume.

"Hii samaki inaitwa nani?" aliuliza. "Na inakula sketi juu ya nini?"

Jolly alikuwa ameshawasha gari.

Sasa, nyumbani kwa Kaltumu kulikuwa na mtu ambaye angeweza kujibu, na huyo ndiye alikuwa hajibu kitu. Mudathiru, mume wake, aliendesha lori la viazi kutoka Mahoko kwa miaka ishirini na sita. Siku ya mapumziko alikuwa akienda Rubona, kwenye miamba, na mshipi wake wa nailoni uliozungushwa kwenye kopo la maziwa ya unga. Jioni alirudi na samaki wanne na maneno mia nne. Huyu aliuma vipi, yule alikimbilia wapi, upepo, nyungunyungu, kivuli cha mtu juu ya maji. Kaltumu, pamoja na kuuliza kwake kote, alikuwa akisinzia katikati ya hadithi hizo.

Ramadhani iliyopita kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Mguu ulirudi, ukiburuta kidogo. Mkono haukurudi. Daktari alisema vidole havijafa, vinataka kazi tu, kila siku, hata kazi ndogo. Mudathiru aliulaza mkono ule pajani kama mzigo wa mtu mwingine alioombwa amshikie, akakaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, na kwa miezi minane maneno yake yakawa matatu: ndiyo, hapana, sijui.

Kaltumu aliogopa. Mkono hakuuogopa, mkono mmoja unatosha kula na kusalimia watu. Aliogopa ule ukimya. Aliona mume wake anaondoka kidogo kidogo huku amekaa pale pale kitini, na hakujua amvute kwa kamba gani. Cherehani yenyewe angeitoa, ili asikie tena habari za nyungunyungu.

Jioni ile alimwekea boksi mbele yake, kifuniko kikiwa wazi.

"Baba Saidati," alisema, akimwita kwa jina la binti yao aliyeolewa Kigali, "hii samaki ya mu picha iko ya wapi?"

Mudathiru alitazama. Macho yake yalikaa kwenye ile picha, yakashuka kwa chura, yakapanda tena.

"Sijui," alisema.

Neno lilikuwa lile lile, lakini Kaltumu aliyaona macho. Mtu aliyepima watu miaka thelathini humtambua mteja anayesema kitambaa hakimpendezi huku mkono wake haukiachii.

Kesho yake, asubuhi, alifunga kibanda chake cha kushonea mbele ya nyumba, akapanda moto, ile pikipiki ya abiria, hadi Rubona, boksi mapajani na futi yake shingoni, maana alisahau kuivua. Pale wanapoteremsha samaki alimkuta Verediane, mwanamke mnene mcheshi ambaye amekuwa akipasua samaki tangu ujana wake. Kaltumu akamwonyesha picha.

"Hii haiko mu Kivu," Verediane alisema, kisu mkononi. "Mi niko hapa tangu niko mutoto, sijaiona hata siku moja. Yebaba we, angalia mudomo! Hii inameza mutu na viatu."

"Bon. Na zetu ziko na mudomo ya namna gani?"

"Mudomo ni mudomo, fundi."

Jibu la namna hiyo halijawahi kumtosha Kaltumu. Alivua futi shingoni, akachutama mbele ya beseni, akaanza kupima. Tilapia, mdomo umefunguliwa: sentimita mbili na nusu. Indugu, wale samaki wadogo wenye hasira wanaokaa miambani: moja na nusu, akijitahidi sana. Kambare: nne. Aliandika kila kitu kwenye daftari la vipimo, chini ya kiuno cha bibi harusi wa Nyakiriba. Wavuvi walisimama kutazama. Mmoja akamuuliza samaki hao wanashonewa suti au kanzu.

"Cheka tu," Kaltumu alimjibu. "Na wewe kiuno yako iko mu hii daftari."

Kisha akataka kujua wanakula nini. Verediane akaguna, lakini naye alikuwa ameshaambukizwa, na wakaanza kupasua matumbo pamoja kama watu wanaotafuta pete iliyopotea. Tumbo la tilapia lilijaa uji wa kijani. La kambare lilikuwa na takataka za kila aina. La indugu, moja baada ya jingine, lilikuwa na visambaza, vile vidagaa vya Kivu, vyembamba, vya rangi ya fedha, vingine bado vizima.

Alirudi nyumbani akinuka samaki, akaanza kuchambua mchele na kusema, kama mtu anayejisemea.

"Kumbe tilapia inakula majani tu. Yule muzungu alikuwa anaipatia chura!"

"Ndiyo," Mudathiru alisema. Kisha akageuza kichwa. "Na indugu?"

Kaltumu aligeuka haraka kwenye sinia la mchele, ili mume wake asiuone uso wake. Ilikuwa miezi minane tangu Mudathiru aulize kitu chochote, hata saa.

"Indugu iko na sambaza mu tumbo," alijibu, sauti yake ikijitahidi kuwa ya kawaida. "Ndogo, kama kidole ya mutoto."

Kuanzia siku hiyo nyumba ile haikushona vizuri. Kaltumu alijaza maji kwenye mtungi wa kioo wa maua, akauweka dirishani, karibu na kile kiti, na baada ya kila gauni alitumbukiza chambo kimoja cha bandia kutoka kwenye boksi, kimefungwa kwa uzi, akakivuta polepole. Alitaka kuona anachokiona samaki. Mnyoo wa zambarau ulikuwa mweusi tu ukiutazama kutoka chini. Chura alielea kama sabuni. Zile ndoano za sketi, sketi zao zilipumua ndani ya maji, zikafunguka na kujifunga, na hapo Kaltumu alikaa nusu saa nzima kwa furaha ya kitaalamu, lakini sketi ile ilikuwa na upana wa sentimita tano, na indugu ana mdomo wa moja na nusu.

Ndipo akaelewa kosa la mgeni wa Jolly. Boksi zima lilikuwa limeshonwa kwa kipimo cha yule mnene wa kwenye picha, na kuwapa samaki wa Kivu ni kumvisha mtoto wa chekechea joho la padri. Aliondoa vitu vya mbao, vya mpira, vya sketi. Vikabaki vibati viwili vya rangi ya fedha, vyenye umbo la kijiko. Kimoja kilikuwa na urefu wa kidole cha mtoto hasa, na kwenye mtungi kiliyumba na kumeta kama sambaza aliyepotezana na wenzake. Cha pili kilikuwa kirefu kidogo. Aling'oa ndoano zao kubwa kwa koleo, akateremsha lile kopo la maziwa kutoka juu ya kabati, akapangusa vumbi, akachagua ndoano ndogo za mume wake. Mudathiru alimfuata kwa macho, hatua kwa hatua.

Kisha akafunga mshipi kwenye kibati kidogo. Alifunga kwa fundo lake, lile la kumalizia vifungo: mizunguko miwili, kitanzi, vuta, kata kwa meno.

"Itateleza," Mudathiru alisema.

"Fundo yangu? Miaka makumi tatu, kuko kifungo moja imeanguka? Taja jina ya mutu!"

"Nailoni si uzi."

"Uzi ni uzi, Baba Saidati."

Alimpinga kwa raha kubwa. Alikuwa amekumbuka kugombana naye kama watu wanavyokumbuka chakula cha kwao.

Jumapili asubuhi alivaa ushungi wake, akachukua kopo. "Mi nakwenda Rubona," alisema mlangoni. "Ukitaka kubaki, baki." Hakutazama nyuma. Aliposikia mguu ukiburuta kwenye saruji, na sauti ikiuliza viatu viko wapi, alikuwa ameshainama kuvichukua.

Jolly aliwapeleka kwa gari hadi karibu na miamba, akaenda zake kwa wageni wake. Maji yalikuwa yametulia, safi, unaona mawe chini. Mudathiru akaketi kwenye jiwe bapa. Kaltumu akazungusha mshipi hewani na kurusha. Mara ya kwanza alipiga mwamba. Mara ya pili ndoano ilivua ushungi wake mwenyewe. Mara ya tatu kibati kiliruka, kikazama, naye akaanza kukivuta kama alivyofanya kwenye mtungi: kidogo, acha, kidogo, acha.

Kitu kikauma.

Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba inaingia mwilini namna ile. Mshipi ulikaza ukamkata kidole, kitu kilicho hai upande wa pili kikatikisa kichwa, kikasema hapana, hapana, na chini ya maji ubavu mmoja ukamulika. Kaltumu alipiga kelele, akavuta kwa mikono miwili. Halafu mshipi ukalegea. Aliuvuta wote, haraka, na mwisho wake ulikuwa umejikunja kama uzi uliofumuliwa kwenye pindo. Haukukatika. Fundo lilikuwa limefunguka.

"Mama Saidati!"

Mudathiru alikuwa amesimama. "Nilikuambia! Nilikuambia ao sikukuambia? Nailoni inateleza! Nailoni inataka kuzungushwa mara tano, inataka mate, ndiyo unavuta! Na ulivuta kama unakokota mbuzi! Samaki ikikimbia unaiachia kidogo, inachoka, unaileta! Na umesimama na kivuli yako yote juu ya maji, hata indugu kipofu iliona we unakuja! Kichwa ya jiwe!"

Wanawake waliokuwa wakifua karibu waliacha nguo wakatazama. Kaltumu alisimama pale, mshipi mtupu mkononi, machozi yakimshuka.

"Endelea," alisema.

"Nini?"

"Endelea kunigombeza."

 Mudathiru alimtazama mke wake, akatazama maji, akakohoa kidogo kwa aibu. "Toa ile ingine," alisema. "Ile ndefu. Tutaona."

Waliketi bega kwa bega juu ya jiwe. Kijiupepo kilikuwa kimeanza, mshipi unataka kujisokota, kwa hiyo Mudathiru alilishika kopo kwa mkono wa kushoto na kulibana magotini. "Pitisha mu tundu," aliamuru. "Sasa zungusha ile ncha juu ya mushipi. Mara tano. Si ine, si sita. Tano."

Kibati kilimcheza Kaltumu vidoleni. Alihitaji mtu wa kukishika. "Shika hii," alisema bila kufikiri, akakisukuma kwenye mkono uliokuwa karibu naye, akaanza kuzungusha. Moja. Mbili. Katika ya tatu akaona ni mkono gani.

Ulikuwa wa kulia. Kidole gumba na cha pili vilikuwa vimekibana kibati, vikitetemeka, kucha zimekuwa nyeupe kwa nguvu. Mudathiru mwenyewe hakuutazama. Alikuwa ameinama juu ya fundo, midomo ikihesabu.

Kaltumu akazungusha ya nne. Akazungusha ya tano. Akazungusha ya sita, na ya saba.

"Tano!" Mudathiru alifoka. "Nilisema tano, we mwanamuke!"

"Nimekosea," Kaltumu alisema. "Shika muzuri, tuanze tena."

Akaifumua ile mizunguko, mmoja mmoja, bila haraka hata kidogo.