Nyumba Yenye Mishahara Miwili

Nilikuwa bibi shamba Mbinga, na mume wangu alikuwa dereva wa lori katika wilaya hiyo hiyo. Natanguliza jambo hilo kwa sababu ndilo lililotuponza: wawili chini ya paa moja, wote tukila mshahara wa serikali.

Mimi ni Mnyasa wa Liuli, nimekulia ufukweni mwa ziwa. Mume wangu alikuwa Mmatengo wa milimani. Nilipopangiwa kazi Mbinga nilikuwa sijawahi hata kushika mche wa kahawa nje ya bustani ya chuo. Kazi ilinifundisha. Nilizunguka vijiji vya Mpepai kwa baiskeli, na kwenye miinuko nikaisukuma au kuibeba begani, nikiwaonyesha watu namna ya kupogoa mibuni na kupiga dawa ya chulebuni, ugonjwa unaozifanya punje za kahawa ziwe nyeusi na kukauka zikiwa bado mtini. Mwanzoni waliniona mtoto wa ziwani anayetetemeka kwa baridi. Baadaye, kwa kuwa nimeolewa kwao, wazee wakaanza kuniita mkamwana, na mkamwana akisema kata tawi hili, walikata.

Habari za kupunguza wafanyakazi tulizisikia kwanza redioni, kama jambo la viwandani na la miji mikubwa. Wakati ule kila kitu kilikuwa kinageuka. Dawa na mbolea tulizozoea kuwapelekea wakulima zilihamia madukani kwa bei ya kutisha. Wanunuzi wa kahawa wasiojulikana walianza kupita vijijini na mizani yao wenyewe. Shule ambazo watoto walisoma bure zikaanza kudai michango. Siku moja mkuu wetu wa kazi pale wilayani akatuita wote ukumbini.

Mkuu huyo hakuwa mtu wa huku kwetu. Alikuwa mcha Mungu, hanywi, hapokei kuku wala debe la maharage kutoka kwa mtu mwenye shida ofisini kwake. Siwezi kumsema kuwa alikuwa mtu mbaya, na katika miaka yote iliyofuata hilo ndilo limenisumbua.

"Nimeambiwa idadi," alituambia. "Majina sikuambiwa. Majina nimeachiwa mimi. Nataka tukubaliane hapa tutachaguaje, asije mtu akasema nimemwonea."

Mtu mmoja nyuma akasema waondoke walevi. Wengi wakatazama viatu vyao. Mhasibu akasema waondoke walioajiriwa mwisho. Vijana wakaguna, kwa sababu wao ndio waliokuwa wametoka vyuoni na ndio waliokuwa wakitumwa mbali. Akasimama mzee tarishi, ambaye kwa kawaida hakusema neno kwenye mikutano.

"Tuangalie nyumba," alisema. "Ziko nyumba zina mishahara miwili. Ziko nyumba zina mmoja, na huo mmoja unalisha wajukuu, wagonjwa na wakwe. Nyumba yenye miwili itoe mmoja. Hapo hakuna nyumba itakayokosa kabisa."

Watu walipiga makofi. Nikamwona mwenzangu mpiga chapa akiinamisha kichwa. Alikuwa rafiki yangu wa karibu kuliko wote pale Mbinga. Mumewe alishafariki, na yeye peke yake alikuwa anawatunza watoto pamoja na wazazi wa marehemu. Kwa maneno ya yule mzee alikuwa amepona, na aliona haya kupona mbele yangu.

Nikanyoosha mkono.

"Shikamoo mzee," nilianza kwa tarishi, kisha nikamgeukia mkuu. "Naomba kuuliza. Tunapunguza wafanyakazi au tunapunguza nyumba? Mimi niliajiriwa kabla sijaolewa. Kazi yangu haikuja na mahari."

Baadhi walicheka. Mkuu hakucheka.

"Nimekuelewa, mama. Lakini nisaidie. Nikuache wewe mwenye mume anayelipwa, nimwondoe asiye na mtu?"

Hakumtaja mtu, ila wote tulijua. Nimelitafuta jibu mara nyingi tangu hapo, na kila nikidhani nimelipata namkumbuka mwenzangu alivyoinamisha kichwa, linanitoroka.

"Na kati ya mume na mke," nikauliza, "nani atachagua?"

"Mtakubaliana wenyewe. Mimi siingii chumbani kwa watu."

Jioni ile tulikaa jikoni, mimi na mume wangu, karibu na moto. Ilikuwa miezi ya ukungu, ile ambayo Mbinga haioni jua mpaka saa nne. Nilidhani atasubiri nijitolee. Akaanza yeye.

"Malori yanakufa," alisema. "Vipuri hakuna. Leo wasiponiondoa mimi, kesho lori lenyewe litaniondoa. Kazi yako ina miaka mbele. Acha nitoke mimi."

"Watu watasema nini?"

"Watasema, halafu watachoka."

Alikuwa na mawazo ya kununua mashine ya kusaga kwa kiinua mgongo chake na kuifunga kijijini kwao, mahali ambapo wanawake walikuwa wakipanda mlima na mahindi kichwani kutafuta mashine. Alichora kwa kijiti kwenye majivu mahali injini itakapokaa. Nilimtazama akichora nikajiona mwanamke mwenye bahati. Tulikuwa tumekaa miaka mingi pamoja bila kuambiana mambo makubwa, na jioni ile aliniambia.

Asubuhi alivaa shati safi akaenda ofisini. Alirudi kabla ya chakula cha mchana, akaketi kizingitini bila kuvua kofia.

"Wamekubali?"

"Wamecheka."

"Mkuu amecheka?"

"Yeye hapana. Wengine. Mhasibu ameniuliza umenilisha nini. Mkuu amesema hawezi kumwacha mwanaume nyumbani akoroge uji, kwamba siku moja nitamlaani."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nilisema mara moja. Sikurudia."

Alisema kwa sauti ndogo. Ndani ya sauti ile nilisikia kitu ambacho ningependa nisingekisikia. Alikuwa ameumia, ndiyo, lakini pia alikuwa ameshusha pumzi, kama mtu aliyevuka daraja bovu na gari lake zima.

Nilikwenda mwenyewe kwa mkuu. Alinikaribisha kiti.

"Mama, nimemhurumia mumeo," alisema.

"Ulisema tukubaliane. Tumekubaliana."

"Najua. Lakini mwanaume akikosa kazi anavunjika. Nimewaona. Mwanamke ana shamba, ana jiko, ana watoto. Hakosi cha kushika."

"Kwa hiyo naondolewa kwa sababu sitavunjika?"

"Usinilishe maneno, mama."

"Sijakulisha. Ndivyo ulivyosema."

Alivua miwani akaifuta kwa shati, akaifuta tena, kisha akasema nitapata haki zangu zote bila usumbufu. Hilo alilitimiza. Nyumba zenye mishahara miwili zilikuwa kadhaa pale wilayani. Katika kila moja aliondoka mke. Hakuna aliyesema kuwa hiyo ndiyo kanuni. Mkutano ulikuwa umekubali nyumba itoe mmoja, basi, na neno mke halikutamkwa ukumbini hata kidogo.

Barua yangu aliileta mpiga chapa mwenyewe, nyumbani, baada ya saa za kazi. Alisimama mlangoni na sweta lake la buluu.

"Nimeipiga mimi," alisema. "Walitaka kumpa mwingine, nikakataa. Sikutaka mkono wa mtu asiyekujua."

"Karibu ndani, dada."

"Sikai."

"Umenikosea nini hata usikae?"

Akaingia. Nilichemsha chai, tukanywa tukiongea habari za watoto. Alipokuwa anaondoka alinikumbatia akalia, nami nikambembeleza. Baadaye niliosha vikombe nikakasirika peke yangu, kwa sababu siku hiyo mtu wa kubembelezwa alikuwa mimi. Hatukugombana hata siku moja. Lakini tulianza kusalimiana barabarani kwa adabu nyingi mno, na kwa watu waliokuwa wanaazimana chumvi, adabu hiyo ilikuwa mwisho wa urafiki.

Nilirudisha baiskeli, bomba la kupigia dawa na mabuti. Nafasi yangu haikujazwa. Wakulima hawakuambiwa lolote, kwa hiyo walinisimamisha sokoni, walinifuata mpaka kanisani. "Mkamwana, mbona huji?" Mzee mmoja wa Mpepai alikuja na tawi la mbuni limefungwa kwenye kanga ya mkewe. Punje zote nyeusi. Nikamwambia dawa gani anunue. Akanitajia bei aliyoambiwa dukani, akaniuliza kama ipo nyingine ya bei ya chini. Haikuwepo. Alilifunga tena lile tawi taratibu, akanishukuru, akashika njia. Mwaka uliofuata nilipita kwake nikakuta amekata mibuni yake ameweka mahindi.

Mume wangu aliendelea na lori. Kiinua mgongo changu kilikwenda kwenye ada ya mwanetu wa kwanza aliyekuwa anasoma Kigonsera, na kwenye paa la bati la mama yangu kule Liuli. Mashine ya kusaga haikununuliwa. Hatukuizungumzia.

Kisha ikaja awamu ya pili.

Safari hii hapakuwa na mkutano. Mkuu yule alikuwa amehamishwa, amekuja mwingine, kijana mwenye haraka. Magari mabovu yaliuzwa kwa mnada, na madereva wa magari yaliyouzwa wakaambiwa waende nayo. Mume wangu alikuwa mmoja wao. Nilivaa nguo zangu za kanisani nikaenda kumwona huyo mkuu mpya.

"Nyumba yetu ilishatoa," nilimwambia. "Awamu ya kwanza iliamuliwa nyumba yenye mishahara miwili itoe mmoja, ili isikose kabisa. Nilitoka mimi. Sasa mnamtoa na yeye."

Alinisikiliza, sitaki kumsingizia.

"Mimi sikuwepo, mama. Na sioni popote palipoandikwa hivyo. Sasa hivi tunaangalia kazi ipo au haipo. Gari halipo, dereva wa nini?"

"Bibi shamba je? Mimi kahawa ilikuwepo, nikatolewa."

"Hiyo ilikuwa awamu ya kwanza," akasema.

Ukiyachukua maneno yake peke yake, yalikuwa na haki. Ukiyachukua ya yule wa kwanza peke yake, nayo yalikuwa na haki. Sisi tulikuwa tumesimama katikati ya haki mbili zisizojuana. Kwa kanuni ya yule wa kwanza, mume wangu angebaki. Kwa kanuni ya huyu wa pili, ningebaki mimi. Tulipata nusu mbaya ya kila moja.

Alivunjika kweli. Mkuu wa kwanza hakukosea hapo. Alilala mpaka jua likawa kali, yeye aliyezoea kuamka na jogoo kupasha injini. Akaanza kwenda kilabuni mchana. Nyumba ya serikali tulitakiwa kuihama, na kwao shamba lilikuwa limegawanywa kwa ndugu waliobaki kulilima, kila kipande cha mlima na mwenyewe. Nikasema twende Liuli.

Kwa mwanaume wa milimani, kwenda kuishi kwa mama mkwe si jambo dogo. Alikuja. Mama yangu alimpokea vizuri, akamwachia chumba chenye dirisha la upande wa ziwa. Mimi nililima mihogo, nikanunua usipa mbichi kwa wavuvi asubuhi, nikawaanika juu ya mchanga, nikawauza wakishakauka. Usipa ni samaki wadogo kama kidole cha mtoto, na mvua ya ghafla ikiwakuta mchangani wiki nzima imepotea. Yeye hakujua kuogelea wala kupiga kasia. Alijaribu kusaidia kuanika, wanawake wakamtania, akaacha. Mwanetu wa Kigonsera alirudi nyumbani na sanduku lake. Hakuwa amefukuzwa kwa kosa lolote, ni ada.

Mwaka mmoja baadaye mume wangu alisema anakwenda Songea kutafuta lori la mtu binafsi. Akapata. Alituma salamu na sabuni kwa watu waliokuwa wakishuka ziwani, mara moja moja, kisha salamu zikakatika. Nilisikia yuko Njombe. Nilisikia yuko na mwanamke. Niliyasikia yote hayo nikiwa nageuza usipa mchangani, na sikuwa na nauli ya kwenda kuhakikisha.

Alirudi akiwa amekonda, ameshikwa mkono na utingo wa gari lililomleta. Shati lilikuwa linapepea mwilini. Mama yangu alimtazama, akaenda kuchemsha maji bila kuuliza. Tulimpeleka hospitali, wakamtibu kifua, wakatwambia tumtunze. Nilimwosha, nikamlisha uji kwa kijiko. Watoto walimsomea magazeti ya zamani yaliyofungiwa vitu dukani. Alipenda habari za magari.

"Hukunifukuza," aliniambia siku moja.

"Ningekufukuza uende wapi?"

Akacheka, kikohozi kikamzidi.

Alifariki masika, barabara ya kupanda milimani ikiwa imekatika. Ndugu zake walituma neno kuwa wanataka azikwe kwao. Hapakuwa na gari la kupita matope yale. Tulimzika Liuli, katika makaburi ya kwetu, katikati ya watu wenye majina ambayo yeye alikuwa hayatamki vizuri. Kaka yake mkubwa alifika kwa miguu siku kadhaa baadaye, matope mpaka magotini. Alisimama kaburini muda mrefu, kisha akaniuliza kama marehemu alikuwa ameacha chochote.

Nikamwambia ameacha watoto. Akatikisa kichwa, akaomba maji ya kunawa miguu, nikamletea.